Chumba na Chai Bila Kubuku: Dar hadi Matema kwa Siku Saba

Njia ni ya TANZAM, barabara kuu ya Tanzania–Zambia: Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako. Hapo inachepuka kwenda Njombe, inarudi barabara kuu hadi Uyole, inashuka Tukuyu na kuishia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwezi ni Julai. Hakuna chumba kilichowekewa oda popote. Kinachotafutwa kila jioni ni chumba self, kisafi, chenye chai ya asubuhi ndani ya bei, kwa kiasi cha shilingi 25,000 hadi 45,000.

Vyumba havikosekani katika njia hii. Msafiri huumia kwa sababu amefika usiku, amechoka, akalipia mlango wa kwanza uliofunguliwa. Ndiyo maana ratiba nzima imepangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa 10 jioni. Ikifika saa hiyo, uwe tayari umeshuka kwenye gari na unatembea kwa miguu mtaani ukiuliza vyumba. Ikifika saa 1 usiku, vyumba vizuri vya bei ya kati vimeshachukuliwa na madereva wa malori, watumishi wa serikali walio safarini na wafanyabiashara.

Mkobani kuna kufuli ndogo, tochi, kandambili, kitenge cha kutandika, kamba ya mita 2 ya kufungia chandarua, karatasi ya chooni, na noti za 5,000 na 2,000 za kutosha. Chenji ni ngumu asubuhi.

Siku ya 1: Dar es Salaam – Morogoro

Kilomita 190 hivi. Basi la saa 2 asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, linaingia Msamvu mchana, kutegemea foleni ya Kibaha na Chalinze. Tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR ambayo hutumia takriban saa mbili, lakini stesheni ya Morogoro iko nje ya katikati ya mji, kwa hiyo weka nauli ya bajaji kwenye hesabu.

Ukishuka Msamvu, wapiga debe na bodaboda watakuuliza unalala wapi. Usijibu "natafuta gesti". Bodaboda akikufikisha mlangoni, gesti humpa chochote, na chochote hicho kinarudi kwenye bei yako. Taja alama: "Nipeleke sokoni, Kingalu." Shuka hapo, kisha tembea. Gesti zilizo ukutani mwa stendi ziache, maana injini huanza kuunguruma saa 10 usiku na honi hazina adabu.

Ingia gesti tatu kabla ya kulipa hata moja. Mazungumzo ya mapokezi ni mafupi:

"Habari za kazi, dada. Kuna chumba self?"

"Vipo. Elfu thelathini na elfu thelathini na tano."

"Chai imo humo?"

"Imo."

"Ya wangapi, na inaanza saa ngapi?"

"Ya mtu mmoja. Saa moja na nusu."

"Naomba nikaone chumba kwanza."

Maswali hayo mawili, ya wangapi na saa ngapi, ndiyo yanayosahaulika zaidi. Bei ya chumba ni ya chumba, lakini chai mara nyingi ni ya mtu mmoja, na wa pili atalipia 3,000 au 5,000 mezani. Saa nayo ina uzito: kama basi lako ni la saa 12 asubuhi na chai inaanza saa 1.30, umelipia kitu ambacho hutakinywa. Hapo omba bei ipunguzwe kwa kiasi cha chai, au ufungiwe. Jikoni hawakatai kuchemsha mayai mawili na kufunga chapati usiku, ilimradi uwaambie kabla hawajafunga jiko, si alfajiri.

Kukagua chumba kunachukua dakika tano, na ufanye kwa utaratibu uleule kila siku ili usisahau kitu.

Anza na mlango. Zungusha ufunguo mara mbili ukiwa ndani, kisha vuta. Kitasa kinachocheza maana yake skrubu zimelegea, na mlango huo hufunguka kwa kusukumwa. Lazima kuwe na komeo la ndani. Nenda bafuni: fungua bomba, hesabu hadi kumi, vuta maji ya chooni uone kama yanajaa tena. Kama kuna pipa na kopo pembeni, jua kwamba maji hukatika, na uangalie kama pipa limejaa sasa hivi. Washa feni hadi namba ya mwisho. Chomeka chaja, kwa kuwa soketi nyingi zilizo karibu na kitanda ni mapambo tu. Tandua chandarua chote, kiinue kwenye mwanga: tundu la ukubwa wa kidole funga fundo, tundu la ukubwa wa ngumi omba kingine.

Kitanda kinahitaji macho zaidi. Inua shuka kwenye pembe ya godoro upande wa kichwani, usome mishono kwa tochi. Vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu, vimejipanga kwenye mshono, ni kinyesi cha kunguni. Angalia pia mahali mbao za kitanda zinapokutana, kwa sababu wao hujificha pia kwenye nyufa za mbao, si kwenye godoro tu. Ukiziona nukta hizo, shukuru na uondoke. Kuhamia chumba cha pili cha gesti hiyohiyo hakusaidii, kwa maana kunguni hupita ukutani kufuata nyaya na fremu za milango.

Baada ya hapo ndipo unalipa. Lipa usiku mmoja tu, hata kama unakusudia kukaa mitatu. Omba risiti, anayesafiri kikazi aombe ya EFD (ya mashine ya kodi) kabla ya kutoa pesa, maana gesti ndogo nyingi huandika kwa mkono. Kitabu cha wageni kitataka jina, umri, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho na sahihi. Andika kwa usahihi. Polisi hupitia vitabu hivyo, na gesti ambayo haina kitabu kabisa ni gesti bubu: likitokea lolote usiku, hakuna aliyeandika kwamba ulikuwepo.

Tahadhari moja ya Morogoro: mwanzoni mwa Agosti mji hujaa kwa Nane Nane, na kipindi cha mahafali ya vyuo vikuu wazazi huchukua vyumba vyote. Wiki hizo mbinu ya kutembea mlango kwa mlango haifanyi kazi, na afadhali kulala Chalinze au Mikumi.

Siku ya 2: Morogoro – Mang'ula

Basi la Ifakara linaondoka Msamvu asubuhi, linakata Hifadhi ya Mikumi (barabara hupita ndani yake kwa takriban kilomita 50, kaa dirishani) na kuingia kushoto pale Mikumi mjini. Mang'ula, langoni mwa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ni kilomita 60 mbele.

Gesti ni chache, za kawaida, bei ya chini kuliko Morogoro. Chai huwa haimo. Usihangaike nayo, mama ntilie wa kando ya barabara huanza saa 12 asubuhi na vitumbua, mihogo na chai ya rangi, na utakula kwa 2,000. Joto ni kali na mbu ni wengi, kwa hiyo chandarua kizima kina maana kuliko TV. Anayetaka kupanda maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, afike lango la hifadhi asubuhi, alipe kiingilio na mwongozaji, na ahesabu kulala usiku wa pili.

Siku ya 3: Mang'ula – Mikumi – Iringa

Rudi Mikumi kwa gari la kwanza. Mabasi ya Iringa na Mbeya yaliyotoka Dar alfajiri hupita Mikumi kuanzia saa 5, na yenye nafasi husimama. Kisha Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, halafu mlima Kitonga.

Kitonga ndipo ratiba huvunjika. Lori moja likiharibika kwenye kona, magari yote yanasimama, na saa mbili au nne hupotea hapo. Ukiona umekwama na imeshafika saa 11 jioni, usingoje kufika Iringa ndipo uanze kutafuta. Ongea na konda: "Kaka, pale Iringa gesti gani madereva wenu wanalala?" Makonda wanajua, na wengi wana namba ya simu ya mapokezi. Ukipiga simu moja na kusema "nafika saa 3 usiku, nishikie chumba", hushikiwa chumba bila malipo hadi saa hiyo, haipiti hapo. Hii haihesabiki kama kubuku. Ni kuomba fadhila, na usipotokea umemharibia anayekuja nyuma yako.

Stendi kuu ya mabasi ya Iringa iko Igumbilo, bondeni, mbali na mji wenyewe ulio juu kilimani. Bajaji hadi Miyomboni, kisha miguu. Salamu ya "kamwene" hufungua nyuso hapa haraka kuliko "mambo".

Wawili wa jinsia moja mnaosafiri pamoja mtakutana na tangazo ukutani kwamba hairuhusiwi wanaume wawili au wanawake wawili kulala chumba kimoja. Kubishana na mhudumu hakuna faida, yeye anafuata amri ya mwenye nyumba. Mna njia mbili: kuomba chumba chenye vitanda viwili, ambacho baadhi hukubali, au kuchukua vyumba viwili vya choo cha nje ambavyo kwa pamoja hugharimu karibu sawa na self moja. Hosteli za makanisa huwa hazina sharti hilo kwa vyumba vya vitanda viwili, na chai yao hutoka kwa wakati. Ila geti hufungwa mapema, pombe hairuhusiwi, na kukiwa na semina nyumba nzima huchukuliwa.

Siku ya 4: Iringa, usiku wa pili

Sasa ndiyo faida ya kulipa usiku mmojammoja inaonekana. Kama usiku wa kwanza ulikuwa na kelele, hama kabla ya saa 4 asubuhi, muda wa kukabidhi chumba. Kama ulikuwa mzuri, nenda mapokezi saa 2 na useme unaongeza usiku, lakini 35,000 iwe 30,000. Katikati ya wiki hukubaliwa mara nyingi. Ijumaa na Jumamosi si rahisi.

Isimila iko kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, na Kalenga, lilikohifadhiwa fuvu la Mkwawa tangu liliporudishwa mwaka 1954, iko karibu zaidi, upande mwingine. Vyote viwili huingia ndani ya siku moja ukianza saa 3. Kama hujaamua kuongeza usiku, begi liache mapokezi, lifungwe kwa kufuli yako, usiliache chumbani ukidhani utarudi kabla ya saa 4. Wanaotandika chumba huhamisha mizigo, na kitu kikipotea hapo hakuna wa kuulizwa.

Siku ya 5: Iringa – Makambako – Njombe

Mafinga, Makambako, kisha kilomita 60 kusini hadi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na wakati mwingine chini sana ya hapo. Orodha ya ukaguzi inabadilika hapa. Feni haina kazi. Hesabu mablanketi: mawili kwa kila mtu ndiyo kiwango cha chini, na uyashike, kwa sababu la nailoni jembamba si blanketi. Dirisha lifunge lote. Kioo kilichovunjika na kuzibwa kwa boksi kitakuamsha saa 8 usiku.

Maji ya moto ndiyo shida kubwa, na inafaa kuelewa kwa nini. Gesti nyingi zina heater ndogo ya umeme iliyofungwa kichwani mwa bomba la kuogea. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji. Maji yakiwa na nguvu ya kutosha, kiwambo husogea, swichi ya ndani hujifunga, koili huwaka. Maji yakiwa na nguvu ndogo, hakisogei, na utasimama hapo ukitetemeka huku taa nyekundu ya ukutani ikiwaka. Ukifungua maji mengi mno, yanapita kasi na hayapati muda wa kupata moto. Kwa hiyo fungua bomba nusu, sikiliza mlio mdogo wa kujifunga, kisha punguza taratibu hadi moto unaoutaka. Likizimika, umepunguza kupita kiasi.

Nguvu ya maji hutegemea urefu wa simtanki juu ya chumba chako. Gesti ya ghorofa moja yenye tanki juu ya mnara mfupi huwapa vyumba vya chini maji yenye nguvu na vya juu matone. Njombe, omba chumba cha chini. Jambo jingine: jioni, watu wote wakiwasha heater pamoja, umeme hushuka na maji huwa vuguvugu. Oga saa 11 jioni au saa 4 usiku. Bomba likikupiga shoti hata kidogo, zima swichi na usiiguse tena; heater hiyo haina waya wa ardhini.

Kama hakuna heater, uliza kabla ya kulipa: "Mama, asubuhi naweza kupata ndoo ya maji ya moto?" Wengi huchemsha kwa kuni. Taja saa na ukumbushe kabla ya kulala. Na kitu kimoja tunakisisitiza bila kusita: asikuletee mtu jiko la mkaa chumbani, wala usiliombe, hata baridi iwe kali vipi. Chumba kilichofungwa na mkaa unaowaka huua waliolala, hewa yake haina harufu, na hakuna anayeamka kuomba msaada.

Chai ya Njombe hufidia baridi. Viazi mviringo vya kuchemsha au kukaanga, mayai, maziwa mengi. Parachichi likiwa msimuni, litakuwepo mezani bila kuagizwa.

Siku ya 6: Njombe – Uyole – Tukuyu

Rudi Makambako, panda basi la Mbeya, na ushuke Uyole. Huna haja ya kuingia Mbeya mjini: njia panda ya Tukuyu ni hapo Uyole, na Costa hujaza abiria muda wote. Kumbuka kwamba viwanja vya Nane Nane vya Mbeya viko upande huu huu. Agosti, pita bila kutafuta chumba.

Ukitoka Njombe saa 12 asubuhi unafika Tukuyu saa 8 au 9 mchana. Huku mvua hainyeshi kwa kufuata kalenda ya Dar, na unyevu ndio adui. Weka kiganja chini ya mto, kisha katikati ya godoro chini ya shuka. Ubaridi unaokaa mkononi ni unyevu, si hali ya hewa. Nusa kabati. Angalia pembe za dari kama kuna ukungu mweusi. Hapa chumba cha juu, chenye dirisha linalopata jua la mchana, ni bora kuliko cha chini, kinyume kabisa na jana. Usifue nguo ukitegemea zikauke usiku.

"Ugonile," ndiyo salamu. Baada yake bei hujadilika vizuri. Mezani asubuhi: ndizi za kupika, magimbi, maziwa, na chai iliyochumwa kwenye mashamba ya Rungwe. Uliza kama chai ya gesti ni hiyo au ni mkate wa vipande vinne na siagi. Kama ni mkate, chukua chumba bila chai na ule sokoni.

Siku ya 7: Tukuyu – Kyela – Matema

Barabara inateremka, sweta linavuliwa. Kyela ni tambarare ya mpunga na kakao, kuna joto, kuna mbu. Kutoka hapo magari ya Matema hupitia Ipinda, ni machache, na ya mchana hujaa mizigo. Shika la kabla ya saa 5.

Matema ni kituo pekee cha safari hii ambapo kufika bila oda kunaweza kukuacha nje. Kijiji kina nyumba chache za wageni, zikiwemo za kanisa, na wikendi, Pasaka na Krismasi hujaa watu wa Mbeya. Jumamosi kuna pia gulio la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, jirani. Njoo siku ya kazi, Jumatatu hadi Alhamisi. Ukifika na kukuta vyumba vimejaa, fanya mambo kwa mpangilio huu: mwombe mhudumu aliyekunyima akupigie simu kwa jirani, maana wao wanajuana na huelekezana wageni, akikosa, uliza kama wana hema au kitanda cha bwenini, ikifika saa 9 mchana huna jibu, panda gari la kurudi Kyela. Baada ya muda huo huenda gari lisiwepo, na kulala ufukweni si suluhisho, kwa sababu ya mbu na kwa sababu begi lako halina mlinzi.

Chumba kikipatikana, kagua chandarua kuliko yote, hasa pale kinapogusa godoro. Kiwe kirefu cha kuchomekwa chini pande zote nne. Kikiwa kifupi, tumia ile kamba kukishusha.

Chai hutolewa saa 1.30, nzuri, pengine na samaki wa ziwani. Gari la uhakika la kwenda Kyela huondoka kabla ya hapo. Jioni, kabla mpishi hajafunika moto, mwagize chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa. Rudisha chupa yake kwa konda wa gari hilohilo, anarudi Matema mchana.